Aliyetumwa Kuulizia Kifo cha Selina

Majirani wa Nyakato waliamini kabisa kwamba Josepha Mutayoba ni nesi. Mtoto wa mtu akichemka homa, mlango wake ndio uliogongwa kwanza. Mzee akishikwa na kiuno, anaitwa yeye, mama Alexander. Alikuwa ameshachoka kuwaeleza kwamba hakusomea udaktari wala uuguzi, na kwamba hajawahi kumpa mtu dawa isipokuwa wanawe mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kuuliza watu maswali.

Alizaliwa Muleba, kwa baba mwenye migomba na kahawa, Mlutheri wa kutokosa ibada. Uuguzi aliutamani tangu utoto, lakini matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, masomo ya sayansi yalimwangusha, na chuo kikawa ndoto. Akaolewa na Yeremia, wakahamia Mwanza alikopata kazi katika kiwanda cha mafuta ya pamba. Miaka mingi Josepha alikaanga maandazi barazani na kulea. Kisukuma alikiokota bombani na sokoni, neno moja moja, akakisema kwa lafudhi ya Kihaya hata wauza mchicha wakawa wanamwita arudie ili wacheke vizuri. Lafudhi hiyohiyo ndiyo iliyompa kazi. Ofisi moja ya utafiti wa afya ilikuwa inatafuta wanawake watu wazima, wenye subira, wanaoweza kusoma kwa ufasaha na kuzungumza na watu wa vijijini. Alipoanza kusalimia kwa Kisukuma mbele ya waliokuwa wakimsaili, chumba kizima kilicheka, na Daktari Deodatus, aliyekuwa msimamizi, akasema, "Huyu atafunguliwa milango."

Kweli alifunguliwa. Utafiti ule ulifuatilia wajawazito wa vijiji vya ufukweni, upande wa Misungwi, wanaochota maji ya ziwa na kuyaoga. Walitaka kujua damu yao ikoje, kichocho kimewashika kiasi gani, presha inapanda lini na kwa nani. Josepha alikuwa akiwazungukia majumbani. Alipima presha, alitoboa ncha ya kidole kupata damu, aliuliza maswali na kubonyeza majibu kwenye kishikwambi. Mwenye tatizo alimwelekeza kituo cha afya. Zaidi ya hapo hakuruhusiwa, na hata angeruhusiwa hakuwa na kitu. Mkoba wake ulijaa vipimo. Dawa haikuwemo hata moja.

Katika kijiji cha Mwalubigi alimkuta Selina, mke wa Nkwabi. Alikuwa na mimba ya tatu, mwanamke mrefu mwenye mwanya, mchapakazi, hodari wa kupandikiza mpunga hata wanaume walikuwa wakimwachia mstari wa mbele. Siku ya kwanza alikuwa anabambua karanga uani.

"Mwangaluka," Josepha akasema.

Selina akainua uso, akaweka ungo chini, akacheka mpaka akashika tumbo. "Shikamoo mama. Hicho Kisukuma umekinunua wapi?"

"Marahaba. Nimekiokota Nyakato."

"Basi wamekupa kilichopinda."

Wakawa marafiki kuanzia hapo. Kila Josepha alipofika alikuta matobolwa, viazi vitamu vikavu, yamechemshwa na kufunikwa, na hakuruhusiwa kutoa kishikwambi kabla hajala. Selina alijibu maswali yote, hata yale ya aibu ambayo wengine waliyakwepa kwa kutazama miguu yao. Siku moja akitobolewa kidole aliuliza, "Hii damu unaipeleka wapi, mama?"

"Mjini. Kuna maabara."

"Kwa gari lenu lile la kiyoyozi?"

"Ndiyo."

"Basi damu yangu inapanda gari, na mwenyewe natembea kwa mguu." Akacheka tena, akafuta kidole kwenye kanga.

Mimba ilipokuwa kubwa, presha ikaanza kupanda. Mara ya kwanza Josepha alidhani ni kwa sababu Selina alikuwa ametoka kubeba maji, akamwacha apumzike, akapima upya. Ilikuwa bado juu. Akabonyeza kifundo cha mguu wake, kidole kikaacha shimo.

"Kesho nenda kituoni," akamwambia. "Usingoje siku ya kliniki."

Selina hakubisha. Kesho yake Nkwabi alimpakia kwenye baiskeli, wakaenda, akapewa vidonge na kuambiwa arudi. Akarudi. Awamu hiyo vidonge vilikuwa vimekwisha, akaelekezwa wanunue kwenye duka la dawa. Nkwabi, ambaye alikuwa mtu wa maneno machache na asiyependa kuomba omba, alivifuata Misungwi, akapata vichache, vikaisha, akavifuata tena. Josepha alimweleza Daktari Deodatus. Daktari akapiga simu kituoni, akazungumza na mganga mfawidhi, akaahidiwa kwamba mama huyo anafuatiliwa. Na kweli alifuatiliwa. Muuguzi wa kliniki, Paskazia, alimwita Selina pembeni akamshauri aende akakae karibu na hospitali kubwa mjini, angojee huko mpaka ajifungue, kwa kuwa mimba yake si ya kuchezea.

Selina alilifikiria jambo hilo kwa uzito wake. Mpunga ulikuwa umeiva, ndege wanaushambulia, na watoto wawili hawakuwa na wa kuwapikia. Alimtuma mtu akamwite mama yake, Rebeka, aliyekuwa akiishi Usagara, aje ashike nyumba. Rebeka akaja. Wakapanga kwamba majaruba yakishavunwa, Selina ataondoka.

"Juma lijalo, mama," alimwambia Josepha. "Nguo za mtoto nimeshazifunga."

Josepha alimtazama, akataka kusema nenda leo. Lakini yeye mwenyewe alikuwa mke na mama, alijua mpunga ukianguka majini nyumba italala njaa mwaka mzima. Akasema, "Usipitishe juma lijalo." Neno hilo alilirudia kichwani kwa muda mrefu baadaye, akijiuliza kama angelisema kwa sauti nyingine lingebadilisha kitu.

Alirudi Mwalubigi siku chache baadaye, jua likiwa limeanza kukaza. Uani hapakuwa na mtu. Rebeka akatoka nyumbani mbiombio.

"Afadhali umekuja, mwanangu. Huyu tangu alfajiri analalamika kichwa. Anasema anaona vimulimuli."

Selina alikuwa amelala mkekani, kitambaa chenye maji kwenye paji la uso. Alijaribu kutabasamu. Josepha akamfunga kipimo mkononi. Namba zilizotokea hakuzipenda, akahamisha kipimo kwenye mkono mwingine, zikatokea zilezile. Akatoka nje, akapiga simu kituoni. Walimjibu vizuri, kwa upole kabisa: gari la wagonjwa limempeleka mzazi mwingine mjini na bado halijarudi, wajitahidi wamfikishe kwa njia yoyote. Akampigia Daktari Deodatus. Gari la mradi lilikuwa kijiji kingine, ng'ambo ya mbuga yenye matope, na utaratibu ulikuwa wazi kwamba gari lile ni la wafanyakazi na sampuli, halibebi wagonjwa.

"Hali yake ikoje, dada Josepha?"

"Mbaya, Daktari."

"Nakuja."

Rebeka alituma jirani mashambani akamwite Nkwabi. Josepha akarudi ndani, na hapo ndipo Selina aliposhtuka kama mtu aliyeitwa kwa nguvu, shingo ikakakamaa, macho yakapinda, mwili mzima ukaanza kutikisika. Josepha akapiga magoti, akamgeuza ubavu, akasogeza kinu na vyungu visimuumize, akashika kichwa chake. Hayo ndiyo aliyofundishwa. Kifafa cha mimba alikijua kwa jina, na dawa yake alikuwa ameisoma kwenye mafunzo, hata chupa yake alionyeshwa kwenye picha. Chupa yenyewe ilikuwa kituoni. Kati ya kichwa alichokishika na chupa ile kulikuwa na mbuga, mto na barabara ya tope.

"Mfanyie kitu," Rebeka akasema.

"Mama, sina dawa."

"Huo mkoba una nini?"

Rebeka akautazama mkoba, kisha akamtazama Josepha, akapiga magoti upande wa pili, akamshika binti yake miguu.

Mtikisiko ulipoisha, Selina alikoroma kwa pumzi nzito, hakuitika. Nkwabi akafika, magoti yake yakiwa na tope la jaruba, mundu bado mkononi. Alisimama mlangoni. Wakangoja. Josepha alitoka nje kutazama barabara, akarudi, akatoka tena. Hakuna kazi ngumu aliyowahi kuifanya kama kule kungoja. Selina alitikisika mara nyingine kabla muungurumo wa gari haujasikika kwenye minyaa.

Wakampakia siti ya nyuma, kichwa mapajani mwa mama yake. Masanduku ya sampuli yalishushwa, yakaachwa uani chini ya uangalizi wa jirani. Kituoni Paskazia aliwapokea nje, na hakupoteza muda. Sindano ya dawa ile ilimwingia Selina hata kabla hajalazwa vizuri kitandani. Josepha alipoiona chupa akakumbuka picha. Kwa muda akaamini kwamba mambo yatakaa sawa.

"Anatakiwa atolewe mtoto sasa hivi," Paskazia akamwambia Daktari Deodatus kwa sauti ya chini. "Chumba cha upasuaji tunacho. Mtaalamu wa usingizi amehamishwa, na hajaletwa mwingine."

Basi wakaingia garini tena, safari hii Paskazia akiwa nao ameshika dripu, wakaelekea mjini. Foleni ya malori iliwashika Usagara. Dereva alipiga honi, Nkwabi akashuka akawa anakimbia mbele ya gari akiwapungia madereva mikono, wengine wakampisha, wengine wakadhani ni kichaa.

Mtoto alizaliwa hai, wa kike, mdogo kama kopo la maziwa. Selina alitolewa chumba cha upasuaji akapelekwa kwa wagonjwa mahututi, na huko hakuzinduka. Damu yake ilikataa kuganda, figo zikagoma, madaktari wakafanya yaliyokuwa kwenye uwezo wao. Josepha alikwenda kumwona jioni za siku zile baada ya kazi, akasimama kwenye dirisha la kioo. Siku aliyokwenda mchana, akiwa na chupa ya uji wa kumpelekea Rebeka, alimkuta Nkwabi amekaa kwenye benchi la nje, viganja vimelala juu ya mapaja, kama mtu aliyemaliza kazi. Hakuhitaji kuambiwa.

Walimzika Mwalubigi, karibu na mpunga aliokuwa akiuvuna. Josepha alipika na wanawake wengine, akaosha vyungu, akalala pale. Hakuna aliyemlaumu. Angelaumiwa angejua pa kujitetea. Watu walimshukuru kwa gari, na kila aliyemshukuru alimwongezea uzito moyoni.

Sasa, utafiti ule ulikuwa na sehemu yake ya pili. Mama aliyekuwa akifuatiliwa akifariki, baada ya matanga kuanuliwa na watu kutulia, mtu wa mradi hutumwa kwa wafiwa kuuliza kifo kilivyotokea: dalili zilianza lini, walifanya nini, walikwenda wapi, walicheleweshwa na nini. Majibu hukusanywa kutoka vijiji vingi ili ijulikane akina mama wanakufa kwa nini. Mwalubigi ilikuwa eneo la Josepha.

Daktari Deodatus alimwita ofisini. "Ningemtuma mwingine. Lakini mwenzako Hellen hajui Kisukuma, na Rebeka Kiswahili hakimtoshi kwa mambo kama haya. Ukisema hapana, nitaelewa."

Josepha alimwambia Yeremia habari hiyo wakila. Yeremia akameza tonge, akasema, "Akienda mgeni watalazimika kumweleza upya tangu mwanzo. Wewe watakuonea huruma." Josepha akaenda.

Nkwabi alimtolea kiti. Rebeka alikaa mkekani na mjukuu wake, aliyeanza kunenepa kwa maziwa ya kopo. Josepha akasoma yale maneno ya mwanzo, kama alivyopaswa: kwamba wana haki ya kukataa, kwamba wanaweza kunyamazia swali lolote, kwamba majina yao hayatatajwa.

"Uliza," Nkwabi akasema.

"Marehemu alikuwa na maumivu makali ya kichwa kabla ya kifo?"

"Ulikuwapo, mama."

"Nalazimika kuuliza."

"Ndiyo. Alikuwa nayo."

"Alipata degedege?"

Nkwabi akamtazama Rebeka. Rebeka akajibu kwa Kisukuma, polepole, akieleza kichwa kilivyokuwa kimeshikwa na nani na miguu na nani. Josepha akabonyeza ndiyo. Kishikwambi hakikuwa na nafasi ya maelezo mengine.

"Kuna mtu yeyote aliyewashauri kumpeleka kituo cha afya?"

"Wewe."

Kidole cha Josepha kikasimama hewani. Katika orodha ya majibu akachagua: mtu mwingine.

"Mlimpeleka?"

"Nilimpeleka kwa baiskeli. Nikampeleka tena. Dawa nilizifuata Misungwi kwa miguu baiskeli ilipopasuka tairi. Yaandike hayo yote."

"Naandika."

Waliendelea hivyo mpaka mwisho. Josepha alipozima kishikwambi, Nkwabi akajivuta mbele kwenye kigoda chake.

"Na mimi nina swali," akasema. Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na Josepha angependa iwepo. "Nyinyi mlijua presha yake iko juu."

"Tulijua."

"Na kituoni walijua. Nesi alimwambia mimba si ya kuchezea. Na sisi hapa tulijua, nguo tulishafunga. Tulijua wote. Sasa, mama, kujua kunasaidia nini?"

Josepha alitafuta jibu kwa Kiswahili, akalitafuta kwa Kisukuma. Kwa Kihaya kulikuwa na mengi ambayo mama yake angesema, ya Mungu na mapito yake, lakini hata hayo yalimkaukia mdomoni.

"Sijui, Nkwabi," akasema.

"Mwache," Rebeka akamwambia mkwewe. "Mwenzio katumwa." Kisha akainuka, akamwekea Josepha mtoto mapajani bila kumuuliza, akaenda kuchochea moto. Mtoto alikuwa na macho mazito ya usingizi. Josepha alimshika kama alivyokishika kichwa cha mama yake, kwa kiganja kizima, hakuwa na namna nyingine.

Mwezi ule alimwambia Daktari Deodatus kwamba anataka kuacha kazi. Daktari alivua miwani, akaifuta. "Na mimi nimeliwaza jambo hilo," akasema. Josepha hakuacha. Angekwenda wapi, isipokuwa kurudi kwenye maandazi yake ya barazani. Zaidi ya hayo, kulikuwa na wanawake waliokuwa wakimngojea na matumbo yao.

Mwaka uliofuata watafiti walirudi vijijini kutoa matokeo. Pale Mwalubigi mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi. Daktari kijana kutoka mjini, mpole, mwenye Kiswahili safi, alieleza kwamba presha ya mimba ni miongoni mwa mambo yanayoua akina mama wa ufukweni, kwamba wengi hufika wamechelewa, na kwamba dalili zikitambuliwa mapema maisha yanaweza kuokolewa. Watu wakapiga makofi. Rebeka akanyoosha mkono, mtoto mgongoni. Josepha aliitwa kutafsiri.

"Anauliza," Josepha akasema, "zile dawa sasa zipo?"

Yule daktari kijana akamtazama mganga mfawidhi wa kituo, Chenge, mtu wa makamo mwenye shati lililopauka, aliyekuwa amekaa dawati la nyuma. Chenge akasimama. Angeweza kutoa ahadi, na watu wangempigia makofi yeye pia.

"Mama," akasema, "mimi naomba dawa kila zinapotakiwa kuombwa. Zinaletwa nusu, na wakati mwingine robo. Mtaalamu wa usingizi nimemwandikia barua. Nikikwambia zipo nitakuwa nakudanganya, na ukija huzikuti utanionaje?"

Josepha akatafsiri neno kwa neno. Rebeka akaitikia kwa kichwa kuonyesha amesikia, akakaa, akamvuta mtoto mbele amnyonyeshe chupa. Mkutano ukafungwa kwa sala na soda.

Wageni walipoondoka, Josepha alibaki. Alikuwa bado na nyumba moja ya kutembelea, ya wifi wa marehemu Selina, dada mdogo wa Nkwabi, mimba yake ya kwanza. Alimkuta anapepeta mchele. Akala matobolwa aliyowekewa. Akamfunga kipimo, akangoja hewa itoke, akasoma, akamwomba akae atulie kidogo, akapima tena. Akabonyeza kifundo cha mguu.

Msichana alikuwa anamsoma usoni. "Imepanda?"

"Imepanda kidogo. Kesho nenda kituoni."

"Nikienda nitapata dawa?"

Josepha alikunja kipimo, akakirudisha mkobani taratibu, akafunga zipu. "Sijui, mwanangu," akasema. "Lakini nenda."